Mkono wa Nyuma wa Pikipiki ya Zamani

Pikipiki nyingi zilizoundwa kabla ya vita vikuu vya pili hazikuwa na springi nyuma. Gurudumu lilifungwa katika fremu yenyewe, na kila shimo la barabara lilifika mpaka uti wa mgongo wa mpandaji. Tena taabu haikuwa ya mgongo tu. Gurudumu lililorushwa juu haliwezi kusukuma wala kuzuia mwendo mpaka liguse chini tena.

Huko Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, fundi Rex McCandless alichoshwa na jambo hilo. Wakati wa vita aliibadili pikipiki yake ya Triumph: akaunda mkono wa chuma wenye matawi mawili, mbele umeshikwa na egemeo moja, nyuma umebeba gurudumu, nao hupanda na kushuka mfano wa mlango katika bawaba zake. Juu yake akasimamisha shokapu mbili. Kisha kampuni ya Norton ikamwita, na mwaka 1950 Geoff Duke akashinda mbio kubwa za Isle of Man juu ya fremu aliyoibuni. Mpandaji mwenzake, Harold Daniell, aliifananisha na kitanda cha manyoya. Ndipo ikaitwa Featherbed.

Baadaye Mbelgiji mmoja wa Liège, Lucien Tilkens, aliona kwamba shokapu moja, iliyolazwa chini ya tangi, yatosha. Yamaha wakaupokea ufundi wake, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akawa bingwa wa dunia wa motokrosi ya sentimita za ujazo 250.

Basi leo wako wenye pikipiki za zamani wapendao kuzibadili vivyo hivyo, na mara nyingi huanza kwa kusogeza shokapu mbele. Ni kweli gurudumu hupata nafasi zaidi ya kupanda. Shokapu yenye mwendo wa sentimita 8, ikifungwa katikati ya mkono, huliachia gurudumu sentimita 16. Lakini angalieni hesabu: ili gurudumu libaki na ugumu uleule, springi yapasa kuwa ngumu mara 4, si mara 2 kama wengi wanavyodhani. Na mkono wenyewe, uliokuwa ukisukumwa karibu na ekseli, sasa wapindwa katikati, mahali ambapo mwundaji hakuukaza. Ukivunjika, huvunjika katika mwendo, pengine mama na mtoto wameketi nyuma. Mimi nisingeupanda mkono uliochomelewa na mtu asiyejua chuma kile ni cha namna gani.

Kuurefusha mkono ni habari nyingine: pikipiki hutulia zaidi barabara ikinyoka, lakini kwenye kona huwa nzito.

Mnyororo nao husahauliwa. Hukaza kabisa pale egemeo, gia ndogo ya mbele na ekseli ya nyuma vinapokuwa katika mstari mmoja. Kwa hiyo mkandamize kiti mpaka vilingane, ndipo mpime ulegevu. Anayepima pikipiki ikiwa tupu aweza kuziua beringi za injini akibeba mzigo. Mwishowe mvute uzi kando ya magurudumu yote mawili, kulia na kushoto. Uzi ukionyesha gurudumu la nyuma limekaa upande, mkono urudi kwa fundi kabla ya pikipiki kutoka uani.