Mtawala Huombewa, Haombwi

Wasikilizaji, tusemapo kwamba Mungu ndiye awawekaye wenye mamlaka, wako wadhanio kuwa basi Mkristo hana budi kunyamaza. Sivyo. Danieli alimtumikia mfalme Dario kwa uaminifu, lakini amri ya kukataza sala hakuitii. Katika kanisa mtawala huombewa, wala haombwi.

Tutazame Shighatini, Upare ya Kaskazini. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo huko mwaka 1900, zamani za Wadachi. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa nchi, na mwaka 1920 wamisionari wale wakaondoshwa. Bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda. Ibada haikukoma, kwa kuwa waalimu wenyeji waliishika kazi.

Ikaja kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Wapare waliona makadirio yale hayana haki. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same, wakaketi huko muda mrefu, pasipo vita, wakimngoja Bwana Shauri asikie neno lao. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Sisemi kwamba wote walikwenda kwa ajili ya imani. Walikuwamo Wakristo na Waislamu, na shauri lilikuwa la kodi. Lakini amjuaye Mtawala aliye juu ya Bwana Shauri hamwogopi Bwana Shauri kupita kiasi, wala hana haja ya kumchukia.

Baadaye mbiru ilifutwa. Mwaka 1961 bendera ya Waingereza nayo ikashuka.