Mkono wa kushoto wa Mjapani

Ukipewa kitu na Mjapani, msomaji wangu, usishtuke kuuona mkono wa kushoto umo. Sisi tuliopitia chuoni twajua kushoto hakutoi wala hakupokei. Kwao wao, heshima ni mikono miwili pamoja. Hivyo ndivyo wanavyotoa kadi ya jina, waiitayo meishi, maandishi yakimwelekea mpokeaji. Ipokee kwa mikono miwili, uisome, uiweke mbele yako. Kuitia mfuko wa nyuma na kuikalia ni kumkalia mwenyewe.

Viatu utavua mlangoni, jambo lisilo geni kwetu. Ama mezani, vijiti usivisimamishe katika bakuli la wali: ndivyo anavyotengewa maiti. Wala usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwani jamaa huokota hivyo mifupa ya maiti aliyechomwa.

Na pombe je? Mirin, pombe tamu ya mchele, huingia katika michuzi mingi. Mwambie mwenyeji wako mapema, kabla hajapika. Ukikataa sahani iliyokwisha andaliwa utamtahayarisha. Naye ukimwomba jambo akajibu “chotto”, yaani “kidogo”, kisha akanyamaza, amekwisha kataa. Usimkazie. Nasi tunayo “inshallah” ya namna hiyo, Mwenyezi Mungu atusamehe.