Mtungi wa Gesi Nyumbani: Tuuweke Wapi?



Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Tunaufurahia, kwa kuwa moshi wa kuni na mkaa umewaumiza kina mama kwa miaka mingi. Lakini hapa Mkuyuni familia nyingi zimepanga chumba kimoja, na nyumba za mlimani zimejengwa katikati ya mawe, mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kupanda. Hivyo usalama wetu unaanzia pale tunapouweka mtungi.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, hata chini ya kitanda walicholalia watoto. Mlimani inaweza kuteremka hadi mlangoni kwa jirani. Ile harufu kali imeongezwa makusudi ili itutahadharishe.

Kwa sababu hiyo tunaziomba familia zizingatie yafuatayo:

1. Mtungi usimame wima daima, mahali tambarare. Ukilazwa, gesi ya maji huweza kutoka badala ya mvuke, na moto hupanda ghafla.

2. Mahali pazuri ni nje, kivulini, mbali na moto na mbali na mlango au dirisha la nyumba iliyo chini. Anayehofia wezi atengeneze kizimba cha nondo chenye kufuli, kilicho wazi kwa chini, na ufunguo uwe karibu.

3. Anayeishi chumba kimoja apike mlango na dirisha vikiwa wazi, afunge valvu akimaliza, na asilale na mtungi ndani.

4. Mtungi usiwekwe shimoni, wala pamoja na mkaa, petroli au mafuta ya taa. Hata uliokwisha una mabaki ya gesi. Nao ufungwe na utunzwe vivyo hivyo.

5. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

Harufu ikisikika, zima moto, funga valvu, fungua milango na toeni watoto nje. Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Simu ya zimamoto, 114, ipigwe mkiwa mbali na nyumba.

Kwenu kamati za parokia: kabla ya kumkabidhi mjane mtungi, mtembeleeni kwanza, mwone utakapokaa. Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba mchango wa mtungi uambatane na mpira mzima, kizimba na somo la nusu saa. Bila hayo tutakuwa tumemwondolea mama moshi na kumwachia hatari ya moto.