Asubuhi Mayai, Jioni Selo

Jirani yangu mmoja hapa Segerea aliniuliza kama ni vema binti yake wa darasa la sita aendelee kujifunza kinanda kanisani. "Muziki utamlisha nini, dada? Si afadhali anisaidie gengeni?" Sikuwa na jibu la haraka. Mimi mwenyewe niliacha kinanda nilipoanza zamu za usiku, mtoto wa pili akiwa bado ananyonya. Basi nikamsimulia habari za Joséphine Nsimba Mpongo wa Kinshasa, huko Kongo.

Joséphine ni mpiga selo. Selo ni fidla kubwa yenye nyuzi nne. Mpigaji huketi, akaibana katikati ya magoti na kuisugua kwa upinde. Sauti yake ni nzito, inakaribia ya mwanadamu. Filamu ya Kinshasa Symphony, iliyotengenezwa na Claus Wischmann na Martin Baer mwaka 2010, inamwonyesha mama huyu akidamka alfajiri kwenda sokoni kuuza mayai ya kukaanga. Kazi ikiisha, anakwenda mazoezini. Kama muuguzi najua kusimama kutwa kunavyoitesa miguu na mgongo. Naye, baada ya hayo, anakaa chini na kuanza Beethoven!

Mwaka 2011 picha yake iliyopigwa na Andrew McConnell ilipata tuzo ya kwanza ya World Press Photo upande wa sanaa. Hayumo ukumbini. Yuko nje, mtaani Kinshasa, anafanya mazoezi. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Okestra yake ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha Kanisa la Kimbangu. Armand alikuwa rubani, akakosa kazi. Alijifunza muziki mwenyewe, akawakusanya waumini wachache. Fidla hazikuwatosha, zikapigwa kwa zamu. Uzi ukikatika, waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli. Katika filamu wanajiandaa kwa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, aliyoimaliza mwaka 1824 akiwa kiziwi. Kwaya inahangaika na maneno ya Kijerumani. Katikati ya mazoezi umeme unakatika (hilo sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa), na mpigaji mmoja ambaye ni fundi umeme anaacha ala yake kwenda kutafuta hitilafu.

Mwaka 2014 okestra hiyo ilialikwa kupiga Uingereza. Lakini akina mama, tusidanganyane: wakati wa filamu ile wapigaji hawakuishi kwa muziki. Kulikuwa na kinyozi, kulikuwa na wauza vitu. Kilichomlisha Joséphine ni mayai. Selo haikumwondoa sokoni, wala soko halikumnyang'anya selo.

Jirani yangu alisikiliza huku akimenya vitunguu. Alipomaliza aliniuliza, "Hicho kinanda kinaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi gengeni atakaa mpaka saa kumi na nusu."

Sasa kila Jumanne na Alhamisi binti anafika kanisani mbio, vidole vikinuka vitunguu. Mwalimu wa kwaya anamtaka anawe kwanza. Mimi naye amekwisha kuniuliza mara mbili nitarudi lini.