Owino Uhuru na Hesabu ya Sumu

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilipoanza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na kijiji cha Owino Uhuru mjini Mombasa, wakazi walikipokea kama neema ya ajira. Kilifungwa mwaka 2014. Katika kipindi hicho moshi wake uliingia majumbani, majitaka yake yakapita kijijini, na madini ya risasi yakatua kwenye udongo wanaouchezea watoto. Wanasheria na wanahabari wamekwisha kuisimulia kesi hii. Inafaa pia kuitazama kwa jicho la elimu ya sumu, kwani kanuni zote za msingi za elimu hiyo zilijidhihirisha pale.

Kanuni ya kwanza ni ya kipimo. Mwaka 1538 tabibu Paracelsus, akijitetea dhidi ya waliomshutumu kwa kutibu watu kwa sumu, alieleza kwamba kila kitu kina sumu ndani yake, na kinachotenganisha dawa na sumu ni kiasi. Ni kweli mpaka leo: hata maji, mtu akiyabugia kupita kiasi kwa muda mfupi, yanaweza kumuua. Wenye viwanda huipenda sana kanuni hii. Wakiulizwa habari ya moshi, hujibu kuwa kiasi ni kidogo. Nani alikipima? Hilo huahirishwa hadi kikao kijacho.

Tatizo ni kwamba kwa risasi, sayansi haijapata kiasi kidogo kinachoweza kuitwa salama. Marekani katika miaka ya 1960 ilihesabu kuwa mtoto ana tatizo damu yake ikifikisha mikrogramu 60 za risasi kwa desilita moja. Mwaka 1991 kiwango cha kuchukua hatua kilikuwa kimeteremka hadi 10, mwaka 2012 kikawa 5, na mwaka 2021 kikashushwa hadi 3.5. Watoto hawakuwa wamebadilika. Kilichobadilika ni uwezo wa watafiti kuyaona madhara ambayo awali hayakuonekana, hasa kupungua kwa uwezo wa akili. Kwa hiyo anayesema "kiko chini ya kiwango" aulizwe: kiwango cha mwaka gani?

Kanuni ya pili ni ya njia na muda. Risasi iliyofungiwa ndani ya betri haimdhuru mpita njia. Ikiyeyushwa, inageuka mvuke na vumbi. Mtu huivuta kwa pumzi au huimeza kwa mikono iliyoshika udongo. Mwilini hupita kwa hila, kwani huchukuliwa kama kalisi, na hivyo huenda kukaa mifupani kwa miongo. Mama anaposhika mimba au kunyonyesha, mifupa yake huachia sehemu ya akiba hiyo, na mtoto hupokea asichokitafuta. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kabla ya kuongoza mapambano ya kukifunga, alikuta mwanawe ana risasi mwilini. Kazi yake hiyo ilimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kanuni ya tatu inauliza ni mwili wa nani. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya tumbo la mtu mzima, na mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Maana yake, kiasi kile kile cha vumbi kina uzito mmoja kwa meneja anayerudi kwao jioni na uzito mwingine kwa mtoto anayetambaa palepale mchana kutwa. Dalili nazo hazisaidii sana: tumbo kuuma, upungufu wa damu, uchovu, degedege. Zahanati isiyo na kifaa cha kupima risasi itatafuta malaria, na mara nyingine itaipata.

Hapo ndipo afya ya mazingira inapochukua kazi kutoka kwa tabibu. Zipo dawa za kuitoa risasi mwilini, lakini hazirejeshi ubongo uliokwisha kuharibika. Kumwambia mama aoshe mikono ya mwanawe ni ushauri mzuri; kumwambia hivyo huku bomba la kiwanda linafuka ni kumpa kazi ya mkaguzi bila mshahara. Dawa ya uhakika ni kuizuia sumu inakotoka. Afrika ilishafanya hivyo kwa petroli. Baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, bila mzazi yeyote kutakiwa kuufuta moshi wa barabarani kwa kitambaa.

Owino Uhuru haikupata bahati hiyo. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikizibebesha lawama kampuni pamoja na mamlaka za serikali. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha amri hiyo ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo ya rufaa, mifupa haikuacha kuachia risasi.

Udongo ungeweza kupimwa kabla ya tanuru la kwanza kuwashwa, na kupimwa tena kila mwaka. Ni kazi ya bei nafuu kuliko kesi, na vifaa vyake vipo. Kwa hiyo kiwanda cha namna hii kinapoombewa kibali jirani na nyumba za watu, wakazi wadai vipimo vya udongo, hewa na damu mapema, kwa maandishi, na matokeo yabandikwe hadharani. Mamlaka inayosubiri damu ya watoto itoe ushahidi wa kwanza imekwisha kushindwa kazi yake.