"Boyi" wa Lweba

Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, mtumishi wa nyumbani ana majina mawili. Mwenye nyumba ambaye hakuhama atasema, "Ita ule boyi alete mayi." Jirani yake aliyekulia kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa huko Kasulu, ambako Wakongomani walianza kupokelewa mwaka 1996, atasema "hausiboi", na kama ni msichana, "hausigeli".

Boyi na hausiboi ni neno lile lile la Kiingereza, "boy", lililofika ufukoni kwa njia mbili. La yule aliyerudi kutoka kambini lilitoka Tanganyika ya Waingereza. La mwenyeji lilipitia kwa Wabelgiji, ambao katika Kifaransa chao walilipa kazi moja tu: kumtaja mtumishi Mwafrika. Wakalibandika mkia wa Kifaransa likapata umbo la kike, "boyesse", na vibanda vya watumishi nyuma ya nyumba ya bwana wakaviita "boyerie". Mtoto wao wa kiume hawakumwita hivyo kamwe.

Aliyesoma Kiingereza shuleni huwa anatusahihisha: "boy" ni mvulana, ninyi mmelipotosha. Hapana. Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 13, neno hili lilimaanisha mtumishi, mtu duni, hata mhuni. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye na kuzoeleka katika karne ya 14. Boyi wa Lweba amebeba maana kongwe kuliko ile ya kitabu cha shule.

Asili yake ya mbali zaidi inabishaniwa. Wako wanaolifuata hadi neno la Kilatini "boia", pingu au kola ya shingoni, kwamba boyi wa kwanza alikuwa mtu aliyefungwa. Haijathibitishwa, na mimi silishikilii dai hilo, ila kila nikilikumbuka linanikaa moyoni. Lililo wazi ni mwendo wa neno jingine la Kiingereza, "knave". Lilianza likimaanisha mvulana, kama ndugu yake wa Kijerumani "Knabe" hadi leo, likashuka likawa mtumishi, kisha mlaghai. Mtoto na mtumishi walikaa chumba kimoja katika lugha hizo, kwa kuwa wote wawili hutumwa na hakuna anayesubiri jibu lao.

Hapo ndipo neno linapouma. Mtoto hukua, boyi hakui. Mtu mwenye wajukuu, ambaye mtaani kwake ni Papa wa fulani, akiingia jikoni kwa mtu anarudishwa utotoni. Weusi wa Marekani waliijua vizuri dharau hiyo. Mwaka 1968 wafanyakazi wa kuzoa taka wa Memphis walipogoma, mabango yao yaliandikwa sentensi moja: mimi ni mwanamume. Ukijua walivyokuwa wakiitwa, bango hilo halihitaji maelezo.

Kwetu Kongo jibu lilikuja kwa kalamu. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ulikuwa mji wa migodi uliofikiwa na reli kutoka makoloni ya Waingereza ya kusini mwaka 1910, na Kiingereza kilipanda treni hiyo pamoja na mafundi. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu wa mji huo walitoa kijitabu cha historia yake, kilichoandikwa na André Yav. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana na mtu aliyesimama jikoni akisikia kila linalosemwa mezani, na Yav aliiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiamriwa kwayo.