Rekodi za ujira sawa, na zamu ya Mwese

Nchi ya kwanza duniani kumlazimisha mwajiri athibitishe mwenyewe kwamba hawapunji wanawake ni Iceland. Sheria iliyoanza Januari 2018 iliitaka kampuni yenye wafanyakazi 25 au zaidi ikaguliwe na kupata cheti. Isiyo nacho ingeweza kutozwa faini ya kila siku. Sheria hiyo haikushuka mbinguni. Oktoba 24, 1975, takriban wanawake 9 kati ya 10 wa nchi hiyo waligoma kazi, za ofisini na za nyumbani.

Katika Umoja wa Ulaya, Luxembourg ndiyo yenye pengo dogo la ujira kuliko zote: kwa wastani wa malipo ya saa, wanawake wanawapita wanaume kidogo. Kati ya nchi tajiri, pengo pana zaidi liko Korea Kusini, karibu asilimia 30.

Tanzania iliridhia mwaka 2002 mkataba wa kimataifa wa ujira sawa wa 1951. Sheria ya Ajira ya 2004 ikamwagiza mwajiri achukue hatua ili kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa. Mwalimu wa kike wa shule ya serikali Mwese, kijiji cha Wilaya ya Tanganyika, Katavi, yuko kwenye ngazi ileile ya mshahara na mwenzake wa kiume mwenye sifa sawa.

Lakini wanawake wengi wa Mwese hawana mwajiri wala hati ya mshahara. Wana jembe. Kwao pengo hupimwa shambani, na vipimo vipo: ripoti ya Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa ya 2015 ilikuta mashamba ya wanawake yakizalisha pungufu kwa asilimia 28 Malawi, 16 Tanzania na 13 Uganda. Kwa Tanzania, sababu kubwa ni uhaba wa nguvukazi ya wanaume wa familia. Anayelima peke yake hana wa kumsaidia palizi, na kibarua anataka fedha taslimu.

Kwa hiyo, kwa mkulima huyu, juu ya sheria ya ajira naiweka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayompa haki sawa ya kumiliki shamba, kisha mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayoweza kumlipia kibarua, ambamo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi vya wanawake.

Mwese ina nafasi nyingine adimu. Ni miongoni mwa vijiji vinane vinavyolipwa kwa kuhifadhi msitu wa Ntakata kupitia biashara ya kaboni, na fedha hizo hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana sauti. Wanawake waulize hapo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: kati ya wanaolipwa posho za doria za msitu, wanawake ni wangapi, na wanapata kiasi gani?